Kupaka Gari Seramiki Nyumbani: Kazi Kubwa Ni Kabla ya Kufungua Chupa

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Mombasa wenye magari ya kibinafsi, teksi na magari ya biashara



Gari la Mombasa haliishi maisha ya gari la bara. Upepo wa bahari hulipiga chumvi usiku na mchana. Jua la Februari na Machi huchoma boneti hadi kiganja hakikai juu yake. Kunguru hawana adabu, na aliyeegesha chini ya mwembe hukuta utomvu umeganda kwenye paa. Isitoshe, maji ya visima vingi mjini ni ya chumvichumvi, na yakikaukia kwenye rangi huacha madoa meupe yasiyotoka kwa kitambaa.

Si ajabu basi kwamba wenye magari wengi wanaulizia mpako wa seramiki. Zamani ilikuwa kazi ya gereji maalum. Leo chupa ya mililita 30 au 50 inauzwa madukani na kwenye simu, na mkazi anaweza kujipakia mwenyewe nyumbani. Kazi hiyo inawezekana, na ikifanywa vizuri huokoa pesa. Ikifanywa vibaya, gharama ya kuirekebisha huzidi bei ya chupa.

Kwanza ifahamike mpako huu ni kitu gani. Ni kiowevu chenye viungo vya silika, jamii ya madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo, kilichochanganywa na viyeyusho. Kikipakwa juu ya rangi, viyeyusho huruka, na kinachobaki hushikana na varnishi ya gari na kuwa kigumu kwa msaada wa unyevu wa hewa. Unabaki utando mwembamba unaoteleza. Maji hujikusanya kuwa matone na kuporomoka, na uchafu haushiki kwa nguvu kama kwanza.

Neno la kukumbuka hapo ni "mwembamba". Varnishi ya gari lililotoka kiwandani huwa na unene wa takriban maikroni 40 hadi 50, yaani chini ya unywele mmoja wa binadamu. Mpako wa seramiki ni maikroni moja au mbili tu, na maikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Utando wa namna hiyo hauwezi kuficha mkwaruzo wala kufufua rangi iliyokufa. Kilicho chini yake ndicho kitakachoonekana, kikiwa kimefungiwa humo. Waswahili walisema nyumba njema si mlango.

Chukueni mfano wa dereva wa teksi aliyenunua gari kuukuu kwa mkopo. Sura ya gari ndiyo inayompa wateja. Jumapili saa sita mchana analiosha kwa sabuni ya unga, analipangusa kwa fulana ya zamani, anafungua chupa na kupaka boneti nzima kwa mkupuo mmoja. Kufikia anaposhika kitambaa ili afute, dawa imeshakauka. Jioni boneti ina michirizi ya rangi rangi, kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi, na mikwaruzo ya zamani iko palepale. Michirizi hiyo haitoki kwa sabuni. Inatolewa kwa polishi ya mashine, ambayo hula varnishi, na kwa malipo ya fundi, na kwa siku ambazo gari halibebi abiria ilhali mkopo unaendelea kuhesabiwa. Dereva huyo huenda hakuuziwa dawa mbaya. Aliruka kazi inayotangulia chupa.

Kazi hiyo huanza kwa kuchagua wakati na mahali. Watengenezaji wengi hupendekeza joto la nyuzi 10 hadi 25 hivi. Mchana wa Mombasa mara nyingi huzidi hapo, lakini alfajiri za Julai na Agosti, wakati wa kusi, huwa ndani ya kiwango hicho. Mwenye gari achague asubuhi na mapema, ndani ya gereji au chini ya kibanda kilichoezekwa, mahali pasipo vumbi na si chini ya mti. Gari liwe limelala bila kuendeshwa, na boneti iwe baridi kwa kiganja.

Hatua ya pili ni kuosha. Gari limwagiwe maji kwanza ili mchanga uondoke kabla ya sponji kuligusa, kwa sababu mchanga uliobanwa chini ya sponji ndio unaochora mikwaruzo midogo midogo. Ndoo ziwe mbili, moja ya maji yenye shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia sponji. Kazi ianzie paani na kushuka, magurudumu yawe ya mwisho. Maji ya kumalizia yawe ya mfereji au ya mvua, si ya kisima chenye chumvi.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi. Gari lililooshwa likapendeza bado lina chembe za chuma zitokazo kwenye breki, matone ya lami na utomvu uliojishika kwenye varnishi. Zipo dawa za kuondoa chembe za chuma, ambazo hugeuka zambarau zinapokutana nazo, na zipo dawa za kuondoa lami. Baada ya hapo hutumika udongo maalum wa kusafishia rangi, unaosuguliwa taratibu juu ya sehemu iliyolowa maji ya shampuu. Vidole vikipita na kuhisi rangi laini kama kioo, sehemu hiyo iko tayari. Udongo ukianguka chini utupwe, kwa maana ukirudishwa kwenye gari utakuwa msasa.

Hatua ya nne ni polishi, kwa gari lenye mikwaruzo au rangi iliyofifia. Hapa pana tahadhari mbili. Magari mengi yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa yameshatumika kwa miaka kadhaa, na mengine yamepakwa rangi upya baada ya kugongwa. Varnishi iliyoanza kubanduka haiponi kwa polishi wala kwa seramiki, na gari hilo lahitaji fundi wa rangi kwanza. Na gari lililotoka kupakwa rangi mpya lisipakwe seramiki mara moja. Rangi huhitaji muda wa kukomaa, mara nyingi mwezi au zaidi, na fundi aliyeipaka ndiye wa kuulizwa.

Hatua ya tano ni kupangusa mafuta yote ya polishi kwa spiriti ya isopropili iliyopunguzwa kwa maji yaliyotoneshwa, au kwa dawa ya kupangusia inayouzwa pamoja na mpako. Maji hayo ni yale safi yanayouzwa kwa ajili ya betri. Asiyechunguza kibandiko anaweza kuchukua asidi ya betri kwa makosa, na hilo ni balaa kwa rangi, kwa ngozi na kwa macho. Kuanzia hapo gari lisiguswe kwa mkono mtupu.

Sasa chupa inaweza kufunguliwa. Matone machache yawekwe kwenye kitambaa laini kilichofungwa kwenye kipande cha sponji, kinachopatikana ndani ya boksi. Ipakwe sehemu ndogo tu, takriban nusu mita kwa nusu mita, kwa mistari ya kwenda na kurudi, kisha kwa mistari ya kukatiza. Dawa itaanza kuonyesha rangi za upinde wa mvua au kutoa jasho, na hapo ndipo pa kuifuta. Penye ubaridi husubiriwa dakika moja hadi tatu. Katika joto la Pwani huenda isifike hata dakika moja. Kitambaa cha kwanza cha maikrofaiba huondoa dawa iliyozidi, na cha pili hung'arisha. Ndipo mpakaji ahamie sehemu inayofuata, akiingia kidogo juu ya ile aliyomaliza.

Kila sehemu imulikwe kwa tochi kutoka pembeni. Doa zito likionekana mapema, hupakwa tone jingine la dawa ileile juu yake na kufutwa papo hapo. Likiachwa hadi kesho, limeshakuwa kazi ya polishi.

Gari likikamilika lisipate maji wala umande kwa saa 12 hadi 24, na lisioshwe kwa sabuni kwa wiki moja hivi. Maelekezo ya chupa yenyewe ndiyo ya kufuatwa. Kwa hiyo asiyekuwa na mahali pa kulilaza gari chini ya paa usiku huo ni heri aahirishe. Mwenye teksi naye apange siku mbili za kutofanya kazi kabla hajaanza.

Usalama wa mpakaji usisahaulike. Viyeyusho vilivyomo hushika moto na mvuke wake huumiza kichwa na macho. Milango ya gereji iwe wazi, glavu zivaliwe, sigara na jiko la makaa viwe mbali, na watoto wasikaribie. Vitambaa vilivyotumika kupakia hukauka na kuwa vigumu kama kioo. Vitiwe kwenye taka pamoja na chupa, visitumiwe tena kwenye gari kwa maana vitalikwaruza. Maji yenye lami na dawa za kusafishia yasielekezwe kwenye mtaro wa maji ya mvua. Mitaro mingi ya mji huu huishia baharini, na bahari hiyo ndiyo wavuvi wanakotafuta riziki.

Ni haki pia wakazi waambiwe mambo ambayo seramiki haifanyi. Haizuii kokoto, funguo wala mkokoteni unaopita karibu. Alama ya 9H inayoandikwa kwenye chupa hutokana na kipimo cha penseli, ambapo penseli za ugumu mbalimbali hukwaruzwa juu ya mpako. Haina maana kwamba gari limevaa siraha. Seramiki haizuii kutu ya chini ya gari, ambayo ndiyo adui mkubwa wa magari ya Pwani. Chesisi na pembe za ndani ya matao ya magurudumu bado zahitaji kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Na gari lililopakwa bado huoshwa. Maji ya kisima yakiachwa yakaukie juani juu ya seramiki, huacha madoa vilevile. Kinyesi cha kunguru nacho kifutwe siku hiyohiyo.

Mwisho ni suala la ununuzi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chupa inayoahidi kudumu miaka kumi kwa bei ya soda iulizwe maswali. Mnunuzi aangalie kama ina jina la mtengenezaji, maelekezo yanayosomeka na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kiowevu kiwe hakijaanza kuganda ndani, na risiti ihifadhiwe. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hizo. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti jukumu la biashara ya haki, kwa hiyo mkazi aliyeuziwa bidhaa ya udanganyifu anayo njia ya kulalamika kupitia afisi za biashara za kaunti, akiwa na chupa na risiti mkononi.

Mwenye muda, kivuli na subira anaweza kujipakia gari lake mwenyewe na likapendeza. Asiye na moja kati ya hayo matatu afanye lililo rahisi zaidi: aoshe gari kila wiki kwa maji baridi yasiyo na chumvi, alipake nta ya kawaida, na aliegeshe kivulini. Gari litamshukuru, na pesa zitabaki mfukoni hadi atakapokuwa tayari.