Tumsikilize Kwanza, Kisha Tuombe

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Dunga, Kisumu)



Sisi wa Dunga tunajua: ziwa hutulisha, na ziwa hutunyang'anya. Mvuvi akizama na mwili usipopatikana, Wajaluo huzika tunda la yago badala yake. Wakristo wengine hukataa, wakisema ni upagani. Mimi nasema, tusimcheke mjane. Tumuulize: moyo wako ungependa tuombolezeje? Awe Mkatoliki, wa Legio Maria au Mwislamu, ajibu mwenyewe.

Kosa letu kubwa ni kukimbilia kusema, "Ni mapenzi ya Mungu, usilie." Hata mimi nimewahi kusema hivyo. Mama yule alinyamaza, hakunifungulia mlango tena. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila neno; waliharibu walipoanza kumhubiria. Eliya alipotaka kufa, malaika alimletea mkate na maji kwanza.

Basi fanyeni hivi. Kijana aliyenusurika akishtuka usiku au akikataa shule, msimwite mvivu wala mwenye pepo. Kaeni naye, ale, asimulie akipenda, msimlazimishe. Mtu mzima aliyekimbilia pombe, vivyo hivyo. Siri yake isifike sokoni. Mwezi ukipita bila nafuu, mpelekeni hospitali. Akitaja kujiua, iwe siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.

Sala na dawa hazigombani, jamani.