Ulaya kwa Mfuko wa Mhitimu

Msikilizaji uliyemaliza chuo juzijuzi, ukiiwazia Ulaya, usikimbilie kulipia tiketi ya ndege. Anza na viza. Ada ya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni yuro 90, na ukinyimwa hairudishwi. Bima ya safari nayo iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Dirisha la maombi hufunguka miezi 6 kabla ya safari; wahi, na uombe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Paris itakumalizia pesa mapema. Mimi ningeanzia Kraków au Budapest: hosteli zenye vitanda vya ghorofa na jiko la pamoja, unajipikia wali wako. Basi la usiku linakupunguzia gharama ya malazi.

London iache kwanza. Uingereza ina viza yake.