Ahadi za kampuni na jani la tumbaku

Tura, iliyoko wilayani Uyui mkoani Tabora, ilikuwa katika karne ya 19 lango la Unyamwezi kwa misafara iliyovuka pori la Mgunda Mkali, na mpagazi aliyebeba takriban kilo 30 akadhoofika njiani hakuwa na wa kumdai fidia. Leo mkoa huo hulima tumbaku, na kampuni zinazoinunua hutangaza ahadi za usalama kazini, haki za binadamu na mazingira. Lakini mkulima wa mkataba, yaani anayekopeshwa pembejeo na kulipa kwa mavuno, si mwajiriwa, na hapo ndipo ahadi hulegea. Nikotini, sumu iliyomo ndani ya jani, hupenya ngozi ya mchumaji, hasa jani likiwa na umande, ikaleta kizunguzungu na kutapika. Nayo mabani, yaani majengo ya kukaushia tumbaku, hula kuni za miombo. Kwa upande wa watoto, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18, kilimo kikiwemo. Wanunuzi na wagharimie glavu na miti ya kuni, badala ya kumkata mkulima gharama hizo kwenye malipo yake.