Merikebu Iliyohifadhiwa na Baridi

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi mmoja wa zamani katika karamu ya mwaka ya chama chetu, Mombasa)



Katibu wa chama alinitaka niseme juu ya kazi yangu ya uhandisi huko Kanada. Nikamjibu kuwa habari za mabomba ya maji machafu hazipendezi baada ya biriani. Basi akaniruhusu nieleze jambo nilifanyalo siku za mapumziko, nalo ni kuzamia. Nitasema juu ya chombo kimoja tu, kwa sababu nimekizuru mara nyingi na kimenifundisha kuitazama bahari yetu hii kwa jicho jingine.

Chombo hicho chaitwa Sweepstakes. Ni merikebu ya mbao yenye milingoti miwili, ya aina ambayo wenyewe huiita skuna. Iliundwa mwaka 1867 huko Burlington, katika jimbo la Ontario, na urefu wake ni mita 36 hivi. Mwezi wa Agosti 1885 ilipata ajali karibu na kisiwa cha Cove, katika ziwa Huron. Ikakokotwa mpaka kwenye ghuba nyembamba iitwayo Big Tub, katika mji mdogo wa Tobermory, na huko ikazama mwezi wa Septemba. Makaa ya mawe yaliyokuwa shehena yake yakaopolewa, chombo kikaachwa.

Kimelala katika kina cha mita 6. Mnazi wa kawaida ukisimamishwa pale utatokeza kichwa juu ya maji! Watalii hupita kwa mashua na kukitazama kutoka juu, na siku ya utulivu utaziona mbao za sitaha moja moja. Omo ungalipo, na duara la kuvutia nanga lingali mahali pake.

Sasa nawauliza ninyi mliokua na majahazi. Jahazi lililozama hapa mwaka 1885 leo lingekuwa na nini? Tungekuta misumari, nanga, mawe ya farumi, na pengine kipande cha mkuku kilichofukiwa na mchanga. Bahari yetu ina yule mdudu mwororo kama mnyoo, atobowaye mbao mpaka zikawa kama sega la nyuki. Ndiye aliyewafanya mafundi wetu wapake vyombo deheni, mafuta na chokaa, kila baada ya muda. Mdudu huyo haishi katika maji yasiyo na chumvi. Tena baridi ya ziwa huzipunguzia kasi bakteria zinazoozesha mbao. Chumvi haipo, joto halipo, basi mbao zimekaa zaidi ya miaka 130.

Wala msidhani kuwa sisi hatuna kitu. Mbele ya Fort Jesus ilizama merikebu ya vita ya Wareno, Santo António de Taná, mwaka 1697, wakati ngome imezingirwa na Waomani. Wataalamu waliichimba tangu 1977 hadi 1980. Sehemu ya chini iliyofunikwa na mchanga waliikuta, lakini iliyobaki wazi ilikuwa imekwisha liwa. Baadhi ya vitu vilivyopatikana vimo katika makumbusho humo ngomeni, na mwanafunzi wa shule hii ambaye hajaenda kuvitazama ana deni.

Turudi Tobermory. Wengi hufikiri kuwa mita 6 ni mchezo. La hasha. Maji huchukua joto la mwili upesi sana, kiasi cha mara 25 kuliko hewa. Mwanzoni mwa Juni, siku niliyozama na mwenzangu mmoja, kipimo cha mkononi kilionyesha digrii 6. Maji ya namna hiyo yakigusa uso, kifua hushtuka na mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Ndiyo maana twangoja kwanza juu, tukishika kamba ya boya, mpaka pumzi itulie. Suti nene ya mpira huelea, kwa hiyo yataka risasi nyingi kiunoni. Lakini maji ya ziwa hubeba kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo mzigo huo hupunguzwa tena. Hesabu hiyo hufanywa nchi kavu, vidole vikiwa vingali na fahamu.

Siku hiyo, dakika ya nane, kifaa cha mwenzangu cha kupunguzia mgandamizo wa hewa, ambacho wazamiaji hukiita regyuleta, kiliganda. Hewa itokayo mtungini kwa nguvu hupoa sana inapotanuka, na katika maji baridi barafu yaweza kufunga ulimi wa kifaa ukabaki wazi. Hewa ikawa yamwagika mdomoni mwake kama bomba lililopasuka. Hakukitema wala hakukurupuka. Alilegeza midomo, akavuta alichohitaji na kuiacha iliyobaki ipite. Nami nikamshika mkono, nikamwonyesha kifaa changu cha akiba, tukapanda polepole tukitoa pumzi njia nzima.

Hayo ya kutoa pumzi wanafunzi wayashike. Hewa uliyoivuta kwenye kina cha mita 6 hutanuka ukipanda; lita 1 itataka kuwa lita 1 na nusu na zaidi. Mtu akifunga koo kwa hofu, mapafu yaweza kupasuka, hata katika maji ambayo angeona jua juu yake. Karibu na uso wa maji ndipo badiliko hilo lilipo kubwa kuliko huko chini. Mtu asizamie kwa mtungi bila kufundishwa na mwalimu mwenye cheti, hata akiwa ni mtoto wa mvuvi ajuaye kuogelea tangu utotoni.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nichague chombo hiki. Hairuhusiwi kuingia ndani yake. Mtu mgeni hudhani kuwa katazo hilo ni kwa ajili ya usalama wake tu, na ni kweli kwamba mtu aweza kunaswa humo. Lakini liko na la pili. Mzamiaji aliyetulia hutoa lita 15 mpaka 20 za hewa kila dakika. Akiwa ndani ya ngama, mapovu hayo hupanda na kunaswa chini ya sitaha, na kila lita 1 inayonaswa husukuma juu kwa nguvu ya kuinua kilo 1. Mtu mmoja kwa dakika kumi aweza kuweka chini ya zile mbao msukumo wa kilo 150. Wazidishe watu hao kwa mamia kila kiangazi. Hakuna aliyevunja kitu kwa mkono, wala aliyeiba msumari, wamepumua tu. Chombo ambacho mdudu hakukiweza na barafu ya zaidi ya majira mia ya baridi haikukimaliza, chaweza kufumuliwa na watu wanaokipenda.

Kwa hiyo twajiandikisha kwanza kwa walinzi wa hifadhi ya Fathom Five, na twazama saa zilizowekwa ili mashua za watalii zisitupitie vichwani. Kisha twaelea kando ya ubavu wake, mikono tumeikunja kifuani. Wako wanaonung'unika kuwa wamelipa fedha nyingi na hawakuingia ndani. Mimi sina huruma nao.

Bwana Mwenyekiti, naona mwalimu wa zamu anatazama saa. Nimekuja na picha chache za omo na lile duara. Zitapitishwa mezani, na atakaye kuuliza swali nipo hapa mpaka chai itakapoletwa.