Fundo katika Mzeituni Mwitu

Wengi wetu twakijua kisa cha nabii Yeremia aliposhuka nyumbani kwa mfinyanzi, katika sura ya 18. Chombo kiliharibika mkononi mwake, naye akakifinyanga upya kuwa chombo kingine. Nimekihubiri kisa hicho mara nyingi, nikidhani kimemaliza maneno yote juu ya Mungu na sisi. Leo nataka kukupeleka kwa fundi wa namna nyingine, ambaye hana udongo wa kukanda.

Mzee huyu ni mkerezaji wa mbao. Karakana yake ni ya mabati, kando ya soko, na ndani mna mashine ya kukereza: kipande cha mti hufungwa, mota hukizungusha, na fundi hukichonga kwa patasi kikiwa katika kuzunguka. Wazee wa kanisa walinituma nikaagize bakuli la pambo, zawadi ya mwinjilisti wetu aliyekuwa akistaafu. Nilitaka mti ulionyooka. Yeye akanisogezea kwa mguu gogo la mzeituni mwitu, ule ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamaasai oloirien. Lilikuwa na nundu na mafundo tele. Lilitupwa kwenye kuni, na hata huko likakataliwa, kwa maana shoka halikuweza kulipasua.

"Hili, Mzee?" nikamwuliza.

"Hilo hilo, Mchungaji. Mti ulionyooka utakupa bakuli. Huu utakupa bakuli la kutazamwa."

Nikakaa nikatazama. Fundo si ugonjwa. Ni mahali tawi lilipoota, na shina likaendelea kunenepa likilizunguka. Nundu nayo mara nyingi hutokea pale mti ulipojeruhiwa. Ndiyo maana nyuzi za mti hapo haziendi njia moja. Hupinda, hurudi, huzunguka. Patasi ikienda vema upande huu, mbele kidogo hukutana na nyuzi zilizosimama kinyume, ikakwama, ikang'oa kipande, au hata kulirusha gogo zima. Kwa hiyo mzee alianza kwa mwendo mdogo sana, maana gogo la namna hiyo halina uzito sawa pande zote. Alikwangua kidogo kidogo, maganda membamba kama ya kitunguu. Kila mara alisimamisha mashine akaenda kunoa. Nilihesabu mara 9 kabla ya chai. Nilipomwambia kwamba anapoteza wakati, alicheka.

"Patasi butu huchana mti, Mchungaji. Tena mwenye patasi butu ndiye hutumia nguvu."

Neno hilo lilinichoma, nami nitakuambia sababu.

Katika parishi yangu alikuwapo mama mjane. Shemeji zake walimnyang'anya shamba mwezi ule ule aliomzika mumewe. Alikuwa mwimbaji hodari wa kwaya, lakini alikuwa, kama tusemavyo, na fundo moyoni. Jumapili moja nilihubiri juu ya kusamehe, kisha nikamwita asimame mbele ya watu wote atamke kwamba amesamehe, kwa maana shemeji mmoja alikuwapo kanisani. Alisimama. Hakusema neno. Akachukua kitambaa chake akatoka, na hakurudi. Nami kwa miezi 8 niliwaambia wazee wa kanisa kwamba mama yule ana moyo mgumu. Sikuwaambia kwamba sikuwahi kwenda kwake hata mara moja kuuliza habari za shamba.

Sisemi kwamba kusamehe si amri. Ni amri, nasi tunaitaja kila tusalipo Sala ya Bwana. Lakini Petro alipokuwa amemkana Bwana mara tatu, Bwana alimwandalia kwanza samaki na mkate pale ufuoni. Walipokwisha kula ndipo alipomwuliza.

Turudi karakanani. Bakuli lilipopata umbo nilinyosha mkono nilichukue, mzee akakataa. Ukuta wake ulikuwa bado mnene, inchi 1 kwa bakuli la upana wa inchi 10. Mti mbichi ukikaushwa upesi hupasuka, na wenye mafundo hupasuka zaidi, kwa kuwa kila sehemu hujikunja kwa njia yake. Akalipaka nta, akaliweka kwenye rafu kivulini pamoja na mengine. Litajikunja liwe kama yai, kisha baada ya miezi mingi atalikereza mara ya pili. Mwinjilisti wetu alistaafu bila bakuli; tulimpa barua ya ahadi, naye akacheka sana.

Udongo ulioharibika hukandwa, na alama ya kwanza hupotea. Mti haukandiki. Kilichokatwa hakirudi, na fundo ukiling'oa huacha tundu. Wapo watu ambao Mungu huwakanda upya hata wasijulikane. Wapo pia awachongao polepole, mafundo yao yakiwa ndani. Mimi nilikuwa nikiwahubiri wale wa kwanza tu.

Jumanne iliyofuata nilikwenda kwa mama yule nikamwomba radhi. Alinipa kiti, akaleta chai, akasema, "Mchungaji, umechelewa."

"Nimechelewa, Mama."

Tukazungumza habari za shamba tu. Karatasi zake zilikuwa katika mfuko wa nailoni. Nilikwenda naye kwa chifu mara 2. Sikutaja kusamehe.

Bakuli lilikuwa tayari mwaka uliofuata. Rangi yake ni ya asali, yenye mistari ya kahawia iliyokoza, na penye fundo mistari huzunguka kama maji ya mto yanapolipita jiwe. Hapo ndipo kila mtu huweka kidole. Pana ufa mwembamba pembeni, mzee aliuacha. Siku tulipomkabidhi mwinjilisti zawadi yake, mama yule alikuja ibadani. Alikaa benchi la nyuma kabisa, hakuimba. Jumapili iliyofuata alikaa hapo hapo.

Tuombe. Bwana, uwakumbuke walio kwenye rafu asubuhi hii, ambao hatujui watakuwa tayari lini. Utunoe sisi tulioshika patasi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.