Leseni ya Bure Nayo Ni Leseni: Wazee, Watoto na Ada ya Uvuvi



Swali la leo linaonekana dogo. Mzee wa miaka 70 na mtoto wa miaka 10, wakitaka kuvua samaki, walipe ada ya leseni? Wengi ninaowauliza hujibu kabla sijamaliza: wasilipe. Juu ya ada, nakubaliana nao. Ninachobishania ni kinachokuja baada ya hapo. Serikali nyingi zikishamsamehe mtu ada, humwondolea na leseni yenyewe, na asiye na leseni hayumo katika daftari lolote. Siku ya kupanga matumizi ya fedha, au ya kufunga mwamba, hakuna anayejua kama yupo. Nitaanzia mbali, Marekani na Uingereza, ambako jambo hili limejadiliwa muda mrefu na hesabu zake ziko wazi, kisha nitarudi pwani kwetu.

Mwezi Agosti 1950 Rais Harry Truman wa Marekani alitia saini sheria ambayo hadi leo huitwa kwa majina ya wabunge wawili walioupigania muswada wake, John Dingell wa Michigan na Edwin Johnson wa Colorado. Kwa sheria hiyo, ufito wa kuvulia, ndoano na vyambo vingi vya kutengenezwa hutozwa ushuru wa asilimia 10, na mtengenezaji ndiye anayeulipa kabla bidhaa haijafika dukani. Mwaka 1984 sheria ilipanuliwa, na ushuru wa mafuta ya boti ukaingia katika mfuko huohuo. Fedha hizo hugawiwa majimbo kwa ajili ya kutunza samaki, maji wanamoishi na sehemu za kuvulia. Asilimia 40 ya mgawo hufuata ukubwa wa jimbo, ardhi na maji yake. Asilimia 60 hufuata idadi ya watu waliolipia leseni za kuvua. Hakuna jimbo linalopata zaidi ya asilimia 5 ya mfuko, wala lisilofikia asilimia 1.

Kuna sharti moja ambalo ningependa kila mjumbe wa baraza la madiwani alijue. Jimbo haliwezi kupata mgawo huo mpaka lijifunge kwa sheria yake lenyewe kwamba fedha za leseni zitabaki katika idara ya samaki na wanyamapori. Hazijengi barabara wala hazilipi posho za vikao vya idara nyingine. Mvuvi anayelipa leseni Michigan anajua fedha yake inaishia wapi, na tangu mwaka 1950 hilo limekuwa na nguvu ya sheria.

Sasa mtazameni mzee katika hesabu hiyo. Florida, mkazi aliyefikisha miaka 65 hahitaji kununua leseni ya kuvua kwa burudani, na mtoto wa chini ya miaka 16 naye hahitaji. Ni ukarimu wa kweli, na wazee wa huko wanauthamini. Lakini mzee huyo akiingia dukani kununua ndoano, ushuru umo ndani ya bei na anaulipa kama mtu mwingine yeyote. Mfuko anauchangia. Inapofika siku ya kuhesabu wenye leseni, hayumo, na jimbo lake halipati sehemu iliyotokana na yeye. Kanuni za mgawo zinataka leseni iwe imeliingizia jimbo mapato halisi, hata kama ni dola 2 tu kwa mwaka. Leseni ya bure kabisa haiingii katika hesabu.

Kwa sababu hiyo baadhi ya majimbo yamefikiri upya. Georgia iliwaachia msamaha wazee waliozaliwa kabla ya Juni 1, 1952, ikawataka waliozaliwa baada ya hapo walipe ada iliyopunguzwa wakifika miaka 65. Texas inamsamehe kabisa aliyezaliwa kabla ya Januari 1, 1931. Wazee wengine wenye miaka 65 na zaidi hununua leseni kwa punguzo. Wisconsin iliweka Januari 1, 1927. Msamaha wa namna hii unazeeka pamoja na watu wake, na siku moja utaondoka nao. Kuna ubaya ndani yake, maana majirani wawili waliopishana siku moja kuzaliwa wanatendewa tofauti maisha yao yote. Hata hivyo naiheshimu njia hii kwa jambo moja: aliyeahidiwa hakunyang'anywa. Serikali inayobadili ada katikati ya uzee wa mtu inavunja ahadi kwa mtu asiye na muda wa kujipanga upya.

Pennsylvania walifanya jambo jingine ambalo mimi nalipenda zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 16 halazimiki kuwa na leseni, ila ipo leseni ya hiari ya watoto, kwa bei ndogo sana. Mzazi akimnunulia mwanawe, mtoto anahesabiwa na jimbo linapata mgawo kwa ajili yake. Zaidi ya fedha, mtoto anashika mkononi karatasi yenye jina lake inayosema kwamba ni mvuvi.

Uingereza nao walilikata jambo hili vizuri. Tangu Aprili 2017, katika maji baridi ya England, kijana wa miaka 13 hadi 16 halipi chochote, lakini ni lazima awe na leseni. Aliye chini ya miaka 13 haihitaji. Mzee hulipa pungufu. Mwaka ule leseni ya kawaida ya mwaka ilikuwa pauni 30 na ya mzee pauni 20. Kwa kijana, ada imeondolewa na jina limebaki katika daftari. Ndiyo kanuni ninayoitetea jioni hii.

Lakini mvuvi wa Florida na wa England anayezungumziwa katika sheria hizo anavua kwa burudani. Samaki akikosekana, anapita dukani. Kwetu, mzee na mtoto wanaoingia majini wanatafuta kitoweo cha siku ile. Kwa hiyo hesabu za Marekani zinatufaa kwa mantiki yake. Bei zake tuziache hukohuko.

Twendeni mwambani wakati wa bamvua. Maji yakikupwa, nani yuko pale? Vijana wenye nguvu wamekwenda na mashua au ngalawa. Mwambani wamebaki kina mama, wazee na watoto: bibi mwenye mkonjo wake anachokoa pweza, wajukuu wanaokota kombe na chaza, kina mama wanatanda uduvi kwa kanga kuukuu. Babu asiyeweza tena kuvuta nyavu ana dema mbili tatu alizozisuka mwenyewe, au uzio karibu na ufuko. Hawa hawana chombo. Utaratibu wetu wa uvuvi, Tanzania Bara chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Zanzibar chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010, umezoea kumtazama mvuvi kupitia chombo chake. Afisa anahesabu mashua dikoni na nyavu zilizomo. Yule anayekwenda kwa miguu humpita kando, akiwa na kikapu kichwani, tayari kurudi nyumbani.

Wengine watasema hilo ni bahati yake, kwa kuwa hatozwi. Ningekubali kama kusahauliwa kusingekuwa na gharama. Chukueni pweza. Ni mnyama wa maisha mafupi, kiasi cha mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na jike akishataga hulinda mayai yake mpaka afe. Hukua haraka mno, ndiyo maana kuufunga mwamba kwa miezi michache huleta pweza wakubwa siku ya kuufungua. Jamii za Kisiwa Panza huko Pemba na za Songosongo huko Kilwa zimekwisha kuujaribu ufungaji huo. Kanuni za Bara, nazo, zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Yote haya ni mema na ninayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini mwamba ukifungwa, ni nani anayefunga mkanda? Kijana mzamiaji atahamia kina kirefu. Bibi hawezi. Yeye ndiye anayelipia hifadhi ile kwa miezi mitatu ya chungu chepesi, na mara nyingi hakuwemo kikaoni ilipoamuliwa, kwa sababu kikao ni cha wavuvi na mvuvi ni mwenye leseni. Mwamba ukifunguliwa, wazamiaji wanafika kabla ya maji kukupwa vizuri.

Hapo leseni inakuwa haki ya kusema. Mwenye leseni anaweza kuulizwa, kupiga kura na kulalamika. Anaweza kudai kwamba siku mbili za kwanza za kufungua mwamba ziwe za wachokoaji wa miguu, na daftari likaonyesha wako wangapi. Akitokea mwekezaji wa hoteli anayetaka ufuko, au mradi wa bandari unaolipa fidia, mwenye leseni ana ushahidi kwamba alikuwa akivua pale. Asiye nayo ataambiwa alikuwa akipunga upepo.

Kuhusu mtoto sina budi kuwa mkali zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa upande wa Bara, inahesabu kwenda baharini miongoni mwa kazi za hatari ambazo mtoto hapaswi kuajiriwa kuzifanya. Halmashauri ikimuuzia mtoto wa miaka 12 leseni ya kuwa baharia wa mashua ya dagaa, inamuuzia ruhusa ya jambo lililokatazwa, tena kwa fedha yake. Hapo jibu ni hapana, kwa ada au bila ada. Kufuatana na bibi mwambani baada ya shule ni jambo jingine kabisa. Huko ndiko mtoto anakojifunza kutambua tundu lenye pweza, kutogeuza jiwe na kuliacha juu chini, kumwacha mdogo akue. Ujuzi huo hauna darasa jingine. Mtoto huyo aandikwe katika leseni ya mlezi wake, bila malipo, kwa jina na umri, na daftari litamke kwamba ni mwanafunzi. Tukifanya hivyo tutajua pia ni watoto wangapi wako mwambani saa za masomo, jambo ambalo kila mwalimu wa pwani anatamani kulijua.

Najua hoja ya wenzetu wa halmashauri. Mapato ya ndani ni haba, na kila msamaha ni shimo. Wanaongeza kwamba mzee ndiye mara nyingi mwenye mashua tatu na nyavu, vijana wakimvulia, na kwamba ukisamehe wazee, kesho kila chombo kitaandikwa jina la babu. Hoja hii ni nzito na ina jibu. Msamaha ukae kwenye leseni ya mtu, usiguse leseni ya chombo. Mashua ilipe ada yake kamili hata kama mwenyewe ana miaka 90, kwa kuwa mashua haizeeki kwa umri wa mwenyewe, na injini na nyavu ndizo zinazopima samaki wangapi watatolewa baharini. Kichokoo kimoja na kikapu havipunguzi bahari kama juya.

Tukumbuke pia kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa mwaka 2003. Ilitozwa kwa kichwa cha mtu, na katika vijiji vingi watu wazima walikuwa wakikimbilia vichakani walipowaona mgambo. Hasara ya kodi ile haikuwa fedha pekee. Iliwafundisha watu kuogopa kuandikwa. Ukimtoza bibi wa pweza shilingi elfu chache, utapata elfu hizo kwa mwaka mmoja, na mwaka unaofuata atakwenda mwambani kwa kujificha. Daftari lako litakuwa limekufa.

Wala tusiambiwe kwamba kuwaandikisha wazee ni kazi isiyowezekana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imekwisha kutamka kwamba mzee ni mwenye miaka 60 na zaidi. Zanzibar ilianza pensheni jamii mwaka 2016, wakati huo ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70, na kwa kazi hiyo wazee wameandikwa shehia kwa shehia. Aliyewapata ili awape pensheni anaweza kuwapata ili awape leseni. Na itakuwa aibu serikali impe mzee pensheni kwa mkono mmoja, kisha imdai ada ya kuchokoa pweza kwa mkono wa pili.

Ombi langu ni kwa makundi matatu. Kwa madiwani na wajumbe wa mabaraza: katika sheria ndogo zenu andikeni leseni ya mvuvi wa miguu, isiyo na ada kwa mwenye miaka 60 na zaidi, na inayomtaja mtoto chini ya mlezi wake, tena fungeni fedha za leseni za vyombo zibaki kwenye uvuvi. Kwa maofisa uvuvi: siku ya bamvua shukeni mwambani na daftari, msiishie dikoni. Kwa viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na wa kamati za wavuvi za shehia mliomo humu ukumbini: kabla ya kuufunga mwamba mwingine, waiteni wachokoaji kwa majina, wazee kwanza, na msikifungue kikao hadi wawe wamekaa.