Makaburi, mabuku ya parokia na kadi za kambi: namna ya kutafuta watu wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, Baraka)



Komite iliniomba niseme juu ya kutafuta habari za ukoo. Wamenipa dakika ishirini. Munajua mtu wa ONG akishika maikro ni kazi kumnyang'anya, lakini nitajaribu.

Nikiwa kwenye moto njiani kuelekea vijijini, karibu kila wiki kuna mzee ananisimamisha. Ananiambia: "Mwanangu, wewe ulisoma. Nisaidie kuonyesha pale baba yangu alizikwa, watu wajue kama shamba ni letu." Katika maneno hayo kuna vitu viwili, kaburi na shamba, na sisi tuliorudi tumezoea kuvifunga pamoja kama kuni. Mimi pia nilivifunga. Kwa hiyo sitaanza na mafundisho, nitaanza na ya kwetu nyumbani.

Tulivuka ziwa mwaka 1996, mimi nikiwa na miaka minane. Tulipita Kigoma, kisha tukawekwa Lugufu. Bibi yangu mzaa baba alifia kule mwaka 2003. Sisi wengine tukarudi kwa meli mwaka 2007. Siku ya pili tu baba alikwenda kwenye shamba letu la kando ya kijito. Akakuta muhogo wa jirani umesimama mpaka kiunoni, na pembeni, chini ya mwembe, mawe mawili yaliyowekwa kama kichwa na miguu. Akasema: "Hii kaburi ni ya baba yangu. Mutu hazikwe kwa shamba ya mwingine."

Jirani hawakukimbia wakati wa vita. Walibaki, wakateseka kwa namna yao, wakalima pale miaka kumi. Wakajibu kwamba mawe yale si ya baba yake. Tulikwenda kwa shefu wa kijiji mara tatu. Ilifika hatua watoto wao na sisi hatusalimiani hata kwenye bomba la maji. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na nilimwamini baba asilimia mia.

Miaka michache baadaye, nikiwa nasoma chuo, nikaona nimpe baba karatasi ya kumaliza maneno. Nikaenda parokiani. Padri alikuwa mpole, akatoa buku la marehemu, akaniuliza jina. Nikataja jina la babu kama lilivyo kwenye karata ya zamani ya baba. Tukapekua ukurasa kwa ukurasa. Hakuna. Nikarudi nyumbani na haya usoni.

Kosa lilikuwa langu. Munakumbuka, ninyi wazee, mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristo. Aliyeitwa Yosefu au Paulo kwa ubatizo akabaki kwenye karatasi za serikali na majina ya nyumbani tu. Wengi wetu tuliozaliwa baadaye hatukuwahi kusikia jina la ubatizo la babu zetu. Lakini Kanisa lilikuwa limeshaandika lile la kwanza, na ndilo lililo kwenye mabuku ya zamani. Nilikuwa natafuta mtu kwa jina ambalo buku halimjui.

Lililotusaidia ni kitu ambacho wengi hapa mulikitupa ziwani siku ya kurudi, na mulifurahi kukitupa: kadi ya posho. Mama mdogo alikuwa ameficha kadi ya bibi ndani ya kopo la maziwa, pamoja na picha na shanga zake. Aliyemwandikisha bibi kule kambini aliandika kwa desturi ya Tanzania: jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake. Sisi Wakongomani hatuandiki hivyo. Kwetu ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matatu tofauti kabisa, na mbele ya karani hakuna kinachoonyesha kwamba ni ndugu. Basi kadi ile ya unga na maharage ilikuwa imebeba vizazi vitatu.

Nikarudi parokiani. Mamaria ni wengi kwenye buku la ubatizo, lakini Maria binti wa baba yule alikuwa mmoja. Kisha padri akaweka kidole pembeni mwa ukurasa. Sikujua kama kuna maandiko kule pembeni! Mtu akifunga ndoa, habari inarudishwa kwenye ukurasa wa ubatizo wake, na jina la aliyemwoa. Pale pembeni palikuwa na Petrus, na jina la kijiji. Ndipo nikajua kwamba babu yangu alikuwa Petro.

Tukafungua tena buku la marehemu. Petrus, mwaka 1974, na baada yake jina la nyumbani analolijua baba. Amezikwa: kijiji cha wakwe zake, kule juu, karibu saa tatu kwa miguu kutoka kwenye ule mwembe.

Sasa fikirini mwenyewe. Niko na karatasi mkononi, nimeitafuta ili kumsaidia baba, na karatasi inasema baba amekosea. Niliikalia siku nne. Sitaki kuwadanganya, niliwaza kuinyamazia kabisa. Siku ya tano nikamsomea.

Baba hakusema kitu mpaka jioni. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa jirani na kumuuliza mama mzee wa pale, kwa adabu safari hii: "Mama, mawe yale ni ya nani?" Yule mama akasema ni ya mtoto wake wa kwanza. Baba akamuuliza juu ya nini hakusema miaka yote hiyo. Akajibu: "Hamukuniuliza. Mulikuja kunionyesha."

Baba akavua kofia.

Na shamba? Lilichukua misimu miwili mingine. Wazee wa kijiji waliacha habari ya kaburi, wakauliza nani alilima sehemu gani kabla ya 1996, na mashahidi wakapita na kuonyesha mipaka. Sehemu ya chini ikarudi kwetu. Sehemu ya juu, penye mwembe, ilibaki kwao. Kuna watu wa ukoo wetu ambao mpaka leo wananilaumu kwamba nilikwenda parokiani. Nawaelewa, lakini ningekwenda tena.

Ndiyo maana nasema: ukienda kutafuta kaburi ili kushinda kesi, usiende bado. Nenda kwanza ili kujua. Na shefu au mpatanishi anayepewa kaburi kama ushahidi aulize kwanza wale waliobaki, hasa wamama wazee, maana wao ndio walioosha maiti.

Sasa ya kazi yenyewe.

Makaburi ya zamani msiyatafute kando ya barabara. Wakati wa Wabelgiji watu walihamishwa kutoka vijiji vyao vya kale na kupangwa kando ya njia, ili wahesabiwe na walipishwe kodi. Mababu wa kabla ya hapo wako kule walikotolewa, milimani. Msalaba wa mti hauishi miaka mingi, mchwa wanaumaliza. Kinachobaki ni mawe, miti iliyopandwa na watu, na kichwa cha mzee mmoja. Na pwani kuna adui mpya: ziwa. Tangu maji yalipopanda miaka hii, kuna makaburi niliyoyaona kwa macho yangu ambayo sasa mvuvi anapita juu yake na mtumbwi.

Ukifika, usikwangue maandishi na panga au waya. Mwaga maji kidogo juu ya simenti, ngoja jua la asubuhi likipiga kwa upande, herufi zitaonekana. Piga picha, halafu andika kwenye kaye hata hivyo. Simu inaibiwa.

Kuhusu tarehe, msiamini sana. Ukiona mtu amezaliwa tarehe 1 Januari, mara nyingi maana yake ni kwamba siku haikujulikana. Sisi wakimbizi nusu yetu tulizaliwa 1 Januari, ingetakiwa tufanye sherehe moja kubwa. Mzee asiyejua mwaka muulize: uhuru ulikukuta unatembea au unabebwa? Wakati wa uasi wa 1964 ulikuwa umeota ndevu? Majibu hayo yanakaribia ukweli kuliko karatasi nyingi.

Buku la parokia likiwa limeungua, msikate tamaa mlangoni. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliagiza kila paroko apeleke nakala ya mabuku kwa askofu kila mwaka. Si wote walitii, lakini ombeni. Muangalie tu kwamba Jimbo la Uvira lilianza 1962. Karatasi za kabla ya hapo zaweza kuwa kwenye majimbo yaliyotangulia. Wenye mababu waliobatizwa na Mapadri Weupe wa mwanzo, wale waliofika Kibanga mwaka 1883, wajue kwamba kila misheni yao ilikuwa na shajara ya kila siku, na hifadhi yao kuu iko Roma. Ndugu zetu walioko Ulaya wanaweza kufanya safari hiyo badala ya kututumia picha za theluji.

Kwa upande wa serikali, ofisi ya etasivili ina kile kilichoandikishwa, na kwa milima yetu ni kidogo, maana kwa miaka mingi vita vilitenga watu na biro. Kwa watoto wa leo sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, ni mpaka hukumu ya mahakama. Hapo ndipo kadi za kambi, vyeti vya ubatizo na barua za Msalaba Mwekundu mulizoandikiana mkitafutana vinapata kazi tena. Msitupe.

Neno moja gumu. Kuna makaburi ya pamoja, ya wale waliouawa kwa wingi, kama Makobola. Mwaka jana kijana mmoja alinijia na jembe akitaka kwenda kumtafuta dada yake. Nilikaa naye chini, tukalia. Lakini tusichimbe. Mifupa ikichanganywa, mwenye kuchunguza kesho hatapata kitu, na kesi za mauaji hayo bado hazijafungwa. Tuandike majina, nani alionekana wapi mara ya mwisho, nguo gani, nani alishuhudia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 juu ya mauaji ya 1993 hadi 2003 ilitegemea sana watu waliokubali kukaa na kusimulia.

Wafadhili wetu, naona munaandika. Hatuombi mnara. Tunaomba kaye zenye jalada gumu, mafuta ya moto mbili, sanduku la bati lisiloingia maji, na posho ndogo kwa wazee wanaotembea na sisi, maana siku ya kutuonyesha makaburi ni siku ambayo hawakulima.

Mtaniuliza juu ya bibi yangu. Kambi ya Lugufu ilifungwa 2009 na waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Kabla ya kuondoka, mjomba alihesabu mistari kutoka njia kubwa mpaka kwake, akachora kwa biki nyuma ya kadi ya kliniki: mstari wa tisa, wa kumi na nne kutoka mwanzo, jirani na mtoto na mzee mwenye msalaba wa chuma. Hiyo karatasi iko nyumbani. Nani mwingine hapa ana mtu Lugufu? Inueni mikono. Eeh, ni wengi kuliko nilivyofikiri. Basi kabla hamujatoka mupite kwa katibu, kila mmoja aseme anachokumbuka: mtaa, mwaka, aliyezikwa kando. Tukiunganisha hayo na mchoro wa mjomba, tunaweza kupata mistari kadhaa.

Na Jumamosi tunaanza na makaburi ya hapa kwetu, yale ya upande wa ziwa, mvua haijarudi. Tukutane saa kumi na mbili na nusu asubuhi mbele ya ofisi ya chama. Panga moja kwa watu watano, bidoni ya maji, na kila kijana aje na mzee mmoja.